Neno "roboti" limetoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno la Wacheki na Waslovakia

Kila nikisema roboti ni neno la Kicheki lazima atokee mtu wa kubisha, mmoja anasema ni Kiingereza, mwingine anasema ni Kijapani kwa sababu Wajapani ndo mafundi wa hizo mashine, na maswali yanayofuata huwa ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Majibu mengine ni marefu maana historia yenyewe ni ndefu na ina machungu ndani yake, na mimi sipendi ipitiwe juujuu.

Roboti si Kiingereza kweli? Mbona linasikika Kiingereza kabisa?

Si Kiingereza. Waingereza na Wamarekani wamelipokea tu, na sisi tukalipata kupitia kwao ndo maana watu wengi wanadhani ni mali yao. Kwa maana hii ya mtu bandia wa kufanya kazi, lilianza kwa Kicheki mwaka 1920, kwenye tamthilia ya mwandishi Mcheki Karel Čapek inayoitwa R.U.R., kirefu chake kwa Kicheki ni Rossumovi univerzální roboti (hiyo Č isome kama ch ya chai, yani Chapek). Ni hadithi ya kiwanda kilichoko kisiwani ambacho kinazalisha watu bandia kwa maelfu na kuwauza dunia nzima wakafanye kazi badala ya binadamu.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba Kijerumani cha Austria kilikuwa na neno Robot hata kabla Čapek hajazaliwa. Wajerumani walikuwa wameliazima kwa Wacheki zamani hizo, ila kwao lilikuwa na maana ya kazi ya shokoa, yani kazi ya kulazimishwa isiyo na malipo, halikuhusu mashine wala mtu bandia. Hiyo shokoa ndo kiini cha habari yote, tutafika.

Aliyelitunga ni Karel au ni kaka yake?

Ni kaka yake, Josef. Na tunajua kwa sababu Karel mwenyewe alisema hadharani. Mwaka 1933, tarehe 24 Desemba, aliandika kwenye gazeti la Lidové noviny baada ya kuona profesa mmoja ametaja maelezo ya kamusi ya Oxford kuhusu neno hilo, akaona hapana, hii sifa anapewa yeye na si yake, akalipa deni.

Anavyosimulia ni kwamba wazo la tamthilia lilimjia ghafla, akamkimbilia kaka yake ambaye alikuwa mchoraji na wakati huo yuko mbele ya turubai anapaka rangi. Karel akamwambia nina wazo la mchezo, Josef akamuuliza wazo gani huku brashi iko mdomoni, Karel akaeleza, Josef akamwambia basi uandike. Karel akasema shida yake ni jina, hao wafanyakazi wa bandia awaiteje, alifikiria kuwaita "labori", kutoka Kilatini, lakini akaona linanuka vitabu. Josef bila hata kutoa brashi mdomoni akanung'unika, waite roboti. Akaendelea kupaka rangi. Basi, ndo hivo tu.

Mimi nakipenda sana kitendo cha Karel hapo. Kufikia 1933 neno lilikuwa limeshazunguka dunia, angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua.

Robota ni nini hasa?

Josef hakutoa neno hewani, alikata tu mkia wa neno ambalo kila Mcheki alikuwa analijua, robota. Na robota ilikuwa kazi ya shokoa ya wakulima. Mkulima wa Bohemia au Moravia, yani nchi ya Wacheki, alikuwa anaishi kwenye ardhi ya kabaila, na kwa kule kukaa tu pale alikuwa anadaiwa siku za kazi, anakwenda kulima shamba la bwana, kuvuna, kukata magogo, kutengeneza barabara, halipwi kitu, na huku kishamba chake mwenyewe kinaharibikiwa maana mvua na jua havimsubiri mtu amalize kwa bwana kwanza. Kulikuwa na ya mikono mitupu, wanaiita robota ruční, na kulikuwa na robota potažní ambayo unaenda na farasi au ng'ombe wako wa kukokota, yani hata mnyama wako alikuwa anadaiwa.

Siku ngapi? Hapo ndo ugomvi ulipokuwa miaka yote. Mwaka 1680 wakulima waliasi na mfalme Leopold wa Kwanza wa Austria, ambaye ndiye aliyekuwa anawatawala Wacheki, akatoa amri kwamba isizidi siku 3 kwa wiki, lakini amri ilikuwa na mianya, msimu wa mavuno kwa mfano kabaila aliweza kudai zaidi. Ikaja njaa mbaya ya 1770 mpaka 1772, afu 1775 uasi mkubwa wa wakulima, jeshi likatumwa kuuzima, na mwaka huohuo tarehe 13 Agosti malkia Maria Theresa akatoa amri nyingine iliyowagawa watu kwenye madaraja 11 kufuatana na kodi wanayolipa. Asiye na ardhi alidaiwa siku 13 kwa mwaka, na wale wa daraja la juu kabisa wenye mashamba walidaiwa siku 3 kila wiki tena pamoja na wanyama. Fikiria hilo vizuri, hiyo ndo ilikuwa nafuu.

Mwaka 1781 mwanawe Joseph wa Pili akaondoa ule utwana wenyewe, mtu akaweza kuoa, kuhama au kujifunza ufundi bila kumuomba kabaila ruhusa. Robota lakini ikabaki. Ilibaki mpaka 1848, pale Hans Kudlich, kijana wa familia ya wakulima kutoka Silesia, mbunge mdogo kuliko wote kwenye bunge la Vienna, alipopeleka hoja ya kuifuta, na sheria ikapita tarehe 7 Septemba.

Upande wa Slovakia walikuwa chini ya Hungaria kwa hiyo sheria zao zilikuwa nyingine. Kule amri ya 1767 iliweka kwamba mwenye shamba kamili adaiwe siku 52 kwa mwaka akija na wanyama, au 104 akija na mikono yake. Nao ilifutwa 1848.

Sasa piga hesabu, kutoka 1848 mpaka 1920 ni miaka 72. Mtu mzima aliyekaa ukumbini Praha, mji mkuu wa Wacheki, kuangalia ule mchezo alikuwa na bibi au babu aliyewahi kwenda robota. Hilo neno halikuwa la kwenye vitabu vya historia kwao, lilikuwa la nyumbani.

Mbona rafiki yangu wa Slovakia anasema robota ni kazi tu ya kawaida?

Yuko sahihi, na hili ndo swali zuri kuliko yote hapa. Kicheki na Kislovakia ni lugha za karibu sana, watu wanaelewana bila mkalimani, lakini hili neno limeishi maisha mawili tofauti.

Kwa Kislovakia "idem do roboty" ni naenda kazini, basi, anasema daktari, anasema dereva, anasema mtu wa benki. "Čo robíš?" ni unafanya nini? "Zarobiť" ni kupata hela kwa kazi. "Robotník" ni mfanyakazi wa kiwandani na hakuna tusi ndani yake, na mtu mchapakazi anasifiwa kwamba ni "robotný". Wana neno práca pia, ni rasmi zaidi kidogo, linakaa kwenye mikataba na magazeti, lakini mtu akirudi jioni amechoka atakwambia alikuwa v robote, yani kazini.

Kwa Kicheki sanifu kazi ni práce na kufanya ni dělat, mfanyakazi wa kiwandani ni dělník, na robota wameliachia ile maana chungu, kazi ya shokoa au kazi ngumu isiyo na shukrani. Isipokuwa ukienda mashariki, Moravia na hasa pande za Ostrava na Silesia, huko watu wanasema robit na robota kwa kazi ya kila siku kama majirani zao Waslovakia na Wapolandi. Kwa hiyo hata mpaka wa nchi sio unaoligawa neno, ukitoka Praha ukielekea mashariki linazidi kupoa mpaka linakuwa kazi tu.

Na hapa nina msimamo wangu. Naamini neno roboti lisingekuwa na nguvu iliyonayo kama lingetungwa kwa Kislovakia, lingesikika kama "mfanyakazi" hivi na lisingemshtua mtu. Lilipata makali yake kwa sababu Josef Čapek alikuwa anafikiri kwa Kicheki, mahali ambapo robota ni kazi unayofanyishwa na mwenzako anafaidi. Ukisema roboti kwa sikio la Mcheki wa 1920 umesema mtu wa shokoa. Mchezo wote uko ndani ya hilo jina hata kabla pazia halijafunguliwa.

Ila Waslovakia nao wana sehemu yao, baba wa akina Čapek, daktari Antonín, alikuwa anafanya kazi kwenye mji wa chemchemi za maji moto wa Trenčianske Teplice, Slovakia, na Karel alikuwa anakwenda huko kumtembelea. Ukifika ule mji watakukumbusha.

Mzizi wake wa mbali zaidi ni upi?

Wataalamu wa lugha za Kislavoni wanarudi kwenye umbo la kale orbota, ambalo limejengwa juu ya orb, mtwana. Baadaye sauti zikageuzana, kwa Wacheki, Waslovakia na Wapolandi ikawa rob, kwa Wabulgaria rab, na Kirusi nacho kikachukua rab kupitia lugha ya kanisa. Ndo maana Kirusi kina rabota ambayo ni kazi na rab ambaye ni mtumwa, yamekaa jirani kwenye kamusi na hakuna anayeshtuka. Kiukraini na Kipolandi wanasema robota. Kicheki cha zamani kilikuwa na rob, mtwana, na poroba, hali ya kukandamizwa.

Mzizi huohuo ndo uliozaa Arbeit ya Wajerumani, kazi. Na kwa Wagiriki ulizaa orphanos, yatima, na Waarmenia wanasema orb kwa yatima mpaka leo. Yani wazo la mwanzo kabisa lilikuwa la mtu aliyebaki bila wake, hana ukoo wa kumtetea, na mtu wa namna hiyo zamani ndiye aliyeishia kutumikishwa nyumbani kwa wengine. Kicheki kina robě pia, neno la kizamani la kichanga, na Kislovakia kina parobok, kijana wa kiume, hao wote ni ukoo mmoja. Mtoto, yatima, mtwana, mfanyakazi. Mimi nikiona mfululizo huo naelewa ni watu gani waliokuwa wanabeba kazi za dunia tangu zamani.

Kwenye tamthilia yenyewe roboti walikuwa wa chuma?

Hapana kabisa. Ni watu wa nyama, ila nyama ya kutengenezwa. Kuna kemikali inayofanya kazi kama uhai, inakorogwa kwenye mapipa, viungo vinatengenezwa kimoja kimoja, mishipa inasokotwa kwenye mashine, afu wanaunganishwa. Kwa macho huwezi kuwatofautisha na binadamu, na Helena, mgeni aliyekuja kutembelea kiwanda, anashindwa kweli kuwatofautisha. Kuna hata robotka, wa kike.

Ile picha ya mtu wa bati mwenye taa machoni ilikuja baadaye kupitia maonyesho na filamu, na Čapek ilimkera sana, mwaka 1935 aliandika tena kwenye Lidové noviny kujitetea kwamba yeye hakuwahi kuwaza watu wa bati na magurudumu ya meno. Kwa lugha ya siku hizi viumbe vyake viko karibu zaidi na mambo ya maabara ya baiolojia kuliko karakana.

Mwisho wa hadithi roboti wanaasi na kuwaua binadamu wote isipokuwa mmoja, fundi mjenzi anaitwa Alquist. Wanamwacha hai kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake kama wao.

Na Rossum ni nani?

Ni mhusika tu wa kubuni, mwanasayansi aliyegundua ile kemikali. Lakini jina limetengenezwa kwa makusudi kutoka rozum, ambalo kwa Kicheki na Kislovakia ni akili. Kwa hiyo R.U.R. ni kampuni ya Bwana Akili inayouza watu wa shokoa.

Lilieneaje haraka hivo?

Kwa miguu ya jukwaa. Onyesho la kwanza lilifanywa na kikundi cha ridhaa mjini Hradec Králové tarehe 2 Januari 1921, afu ukumbi wa taifa wa Praha tarehe 25 mwezi huohuo. Oktoba 1922 likawa New York (Spencer Tracy, ambaye baadaye alikuja kuwa nyota mkubwa wa filamu, alianza Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, kwa kucheza kama roboti humo), 1923 likawa London. Wafasiri waliliacha neno lilivyo, hawakulitafuta la kwao, na hiyo ndo siri yake. BBC walilionyesha kwenye televisheni tarehe 11 Februari 1938, wakati televisheni yenyewe bado changa. Mwaka 1941 mwandishi wa hadithi za sayansi Isaac Asimov akaliongezea mkia likawa robotics, jina la elimu nzima ya kutengeneza hizo mashine.

Wacheki wenyewe wanalitumia nyumbani siku hizi?

Kila siku. Jikoni kuna kuchyňský robot, ile mashine ya kukanda unga na kusaga, Waslovakia wanaiita kuchynský robot, na ile ya kufagia inayozunguka sakafuni yenyewe nayo ni robot. Mpishi wa keki akisema amenunua robot hakuna anayewaza filamu.

Na kuna sehemu nyingine limejificha ambayo naona inapendeza zaidi. Kufanya kitu kiwandani kwa Kicheki ni vyrobit, bidhaa ni výrobek, mtengenezaji ni výrobce. Ukichukua pakiti ya biskuti Praha ukaigeuza nyuma utaona vyrobeno, imetengenezwa. Rob ileile iko hapo katikati kwenye kila kopo na kila chupa ya duka.

Je, wazo si la Golem wa Praha?

Hadithi ya Golem, mtu wa udongo wa Wayahudi wa Praha, Čapek aliijua na yeye mwenyewe alikubali kwamba kuna undugu. Wazo linaweza kuwa na bibi na babu wengi. Neno lakini ni la shambani, Golem ni Kiebrania.

Huyo Maria Theresa uliyemtaja ni yule wa kwenye riale?

Ndiye! Watu wa pwani hili linawahusu. Riale ya fedha iliyokuwa inatumika Unguja, Pemba, Mombasa, Omani mpaka Uhabeshi, ile yenye mama mnene na mwaka 1780, ni sura ya malkia huyuhuyu aliyewapangia Wacheki madaraja ya robota miaka 5 kabla. Alifariki mwaka huo wa 1780 ila sarafu zikaendelea kupigwa na mwaka huohuo juu yake kwa sababu wafanyabiashara wa huku walikataa nyingine.

Na jina la sarafu hiyo kwa Kijerumani ni Thaler, ambalo limetoka Joachimsthal, mji wa migodi ya fedha Bohemia, sa hivi unaitwa Jáchymov. Kutoka Thaler ikapatikana dola. Kwa hiyo dola na roboti yote yametoka nchi moja ndogo isiyo na bahari.

Akina Čapek waliishia wapi?

Karel alifariki tarehe 25 Desemba 1938 kwa homa ya mapafu, miezi michache kabla Wajerumani hawajaingia Praha. Alikuwa akiandika dhidi ya ufashisti waziwazi, Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wangemchukua. Josef walimkamata tarehe 1 Septemba 1939, wakampitisha kambi za mateso za Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen, akafia Bergen-Belsen mwaka 1945. Aliyeipa dunia neno la mtu anayetumikishwa bila hiari alikufa mfungwa kwenye kambi. Naomba wanaofundisha habari za roboti mashuleni wamtaje kwa jina.

Kwa Kiswahili niseme roboti amesimama, limesimama au imesimama?

Wacheki wana tatizo hilohilo. Kwao nomino za kiume zinagawanyika kati ya vyenye uhai na visivyo na uhai, kwa hiyo wingi wa roboti anayefanana na mtu ni roboti, na wingi wa mashine za jikoni au kiwandani ni roboty. Maumbo yote mawili yanatumika.

Mimi nafuata mgawanyo huohuo, mashine ya kuchomelea magari imesimama, lakini anayeongea na kutembea kwenye hadithi amesimama. Na kwa yeyote atakayeifasiri ile tamthilia kwa Kiswahili, naomba sana asiandike "maroboti yaliasi". Čapek aliandika roboti kwa wingi wa watu tangu ukurasa wa mwanzo, kwa hiyo ni maroboti waliasi.